Vidole vya Mama Viazi

Wamaitha aliisoma ile karatasi mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaisoma mara ya tatu. Miwani haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye karatasi, katikati ya ukurasa wa pili, limeandikwa na mtu mwenye afya yake na akili zake timamu: "Marehemu Naftaly Muturi alichora kwa mkono wake mwenyewe kitabu cha watoto kinachopendwa kote nchini, Gunia la Mama Viazi."

"Kwa mkono wake mwenyewe," Wamaitha akasema kwa sauti. "Haki ya Mungu. Kwa mkono wake mwenyewe!"

Aliyeileta karatasi alikuwa ameketi mbele yake, ng'ambo ya meza ya kompyuta. Ni Natalie, binti mkubwa wa marehemu, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, amevaa nyeusi kuanzia viatu mpaka miwani ya jua aliyoipandisha kichwani. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Mazishi yalikuwa Ijumaa, kule Mau Narok kwenye shamba la familia, na Natalie alitaka programu mia tano: kijitabu cha rangi, kurasa kumi na mbili, karatasi ya kung'aa, wasifu wa marehemu ndani na picha nyingi. Watu wa Nakuru wakifiwa humwendea Wamaitha. Ana duka lake ghorofa ya kwanza juu ya agroveti, duka la mbegu na dawa za mifugo, karibu na soko, na programu zake watu huziweka kabatini miaka na miaka.

"Anti, kuna shida?" Natalie akauliza.

"Kuna shida, ndiyo. Hiki kitabu nilichora mimi."

Natalie akashusha pumzi. "Anti Wamaitha, tafadhali. Si wakati wa hayo."

"Wakati wake ni upi?"

"Dadi hata hajazikwa!"

"Ndiyo maana nasema leo. Hii ikishasomwa mbele ya jeneza, nani atanisikiliza tena? Toa huo mstari mmoja tu. Mengine yote acheni."

"Huo ndio hauwezi kutoka," Natalie akasema. "Mhariri wa kampuni ya vitabu anakuja Ijumaa. Wanatoa toleo jipya, na huu wasifu wa dadi ndio utaingia nyuma ya kitabu. Mama ataweka sahihi hapo hapo baada ya maziko. Kwa hivyo usiguse hata nukta. Na usifikiri tumekusahau. Wewe ulikuwa unapaka rangi, tunajua, tumekushukuru hapo chini."

Wamaitha akatazama hapo chini. Palikuwa na maneno matatu: "na wafanyakazi wake." Jina hakuna.

Unapaka rangi! Jamani, mtu anaweza kutukanwa kwa Kikuyu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, akameza yote akaenda zake. Lakini umwambie mtu aliyekaa na kitabu miezi minane, aliyepanda matatu mara sita mpaka Mau Narok kuangalia jinsi wanawake wanavyoinama kuchimba viazi, jinsi gunia linavyokaa mgongoni, jinsi matope yanavyong'ang'ania buti, umwambie ati alikuwa anapaka rangi? Damu ilimpanda Wamaitha mpaka masikio yakawaka moto. Akaigeuza ile karatasi kifudifudi. Mgeni alikuwa amefiwa na baba. Hilo pekee ndilo lililomwokoa Natalie siku ile.

"Maneno ni yenu," akasema hatimaye. "Na picha?"

"Picha chagua wewe. Wewe ndiye unajua mambo ya picha. Mama alisisitiza kazi ije kwako, mimi nilikuwa nimepata mtu mwingine." Natalie akasimama, akashusha miwani ya jua. "Alhamisi asubuhi nitakuja kuikagua kabla haijachapwa. Neno kwa neno."

Sasa, ili ujue ni kwa nini Wamaitha alibaki pale amefura, lazima ujue alitoka wapi na huyo Muturi.

Alimwendea akiwa na miaka ishirini na miwili, na daftari moja la michoro, na viatu vya kuazima. Muturi alikuwa na karakana kwenye gereji ya nyumba yake ya Milimani, jina lake Muturi Arts, na alikuwa fundi, hakuna wa kumnyima hilo. Ndiye aliyempeleka Wamaitha Mai Mahiu kwenye maegesho ya malori, akamfundisha kuandika herufi kubwa nyuma ya lori bila kuchora mistari kwanza, dereva akiwa amesimama pale na chai yake anatoa maoni. Ndiye aliyemfundisha kuchanganya rangi za bei rahisi zikakaa misimu miwili ya mvua. Halafu alipoona mkono wa msichana umekomaa kuliko wake, yeye mwenyewe akaweka brashi chini, akavaa suti, akawa mtu wa kwenda ofisini kuleta kazi. Na kazi zilikuja. Wamaitha alichora mabango ya agroveti, ng'ombe wa maziwa wenye macho ya upole. Alichora paketi za mbegu za karoti na kalenda za sacco. Akatengeneza nembo ya timu ya mpira, kadi za harusi, ukuta wa shule ya nasari wenye twiga, bango la kanisa lenye Yesu na kondoo, sare za kwaya na lebo ya asali. Asubuhi alikuwa juu ya ngazi ameshika kopo la rangi, mchana alikuwa amejikunja mezani na kalamu ya wino yenye ncha ya sindano. Kila kazi ilitoka mlangoni na jina moja: N. Muturi.

Mwaka wa tatu, gilotini ya kukatia karatasi ilimkata. Lile jisu lilishuka lenyewe, likachukua kidole kidogo cha mkono wa kushoto, pingili mbili za juu zikaenda. Mke wa Muturi alitoka jikoni mbio akamfunga kwa leso yake, na Muturi akampeleka hospitali kwa pikapu. Alikaa kando ya kitanda, akamwangalia, akasema maneno ambayo Wamaitha hajayasahau mpaka leo: "Pole sana. Lakini shukuru, mkono wa kuchora bado upo."

Shukuru! Na Jumatatu iliyofuata alikuwa anamngoja kazini.

Kitabu kilikuja baadaye. Nakala za kwanza zilipofika kwenye boksi, zinanuka wino mpya, Wamaitha alifungua ukurasa wa mbele akasoma: "Michoro: N. Muturi." Alimfuata ofisini nacho mkononi. Mzee hakuona hata haya. "Kampuni ni yangu, jina ni langu," alimwambia. "Lakini usijali. Toleo la pili tutaweka lako." Wamaitha akangoja toleo la pili. Alingoja mpaka akaacha kazi, akafungua duka lake, akapata mvi. Watoto waliosoma kile kitabu wakazaa watoto wao, nao wakakisoma. Sasa toleo la pili lilikuwa mlangoni, na mzee alikuwa ameona heri afe wiki mbili kabla. Nani angemdai sasa? Wamaitha alilia aliposikia kifo chake, na alipokuwa akilia alikuwa na hasira naye, na hasira ikawa ndiyo nyingi.

Natalie alipoondoka, Wamaitha hakupoteza dakika. Namba ya kampuni ya vitabu ilikuwa nyuma ya kitabu. Akapiga, akahamishwa kutoka mtu huyu mpaka yule, hatimaye akampata mhariri mwenyewe, bwana mmoja anayeitwa Achola, mwenye sauti ya mtu mwenye kazi nyingi. Akamweleza yote.

"Mama, nakuelewa," Achola akasema. "Una mkataba?"

"Nilikuwa mwajiriwa. Mkataba ulikuwa wake."

"Una michoro ya asili?"

"Ilibaki kwake. Karakana ilipovunjwa wakaitupa."

"Una barua yoyote? Karatasi yoyote?"

"Nina mikono."

Achola akajibu kwa adabu. "Mama, kila nikitangaza toleo jipya la kitabu chochote napigiwa simu na watu watatu, wanne, kila mmoja anasema ndiye aliyechora. Bila karatasi siwezi. Familia ikiweka sahihi, mimi ninafuata sahihi. Pole sana."

Pole sana. Neno lile lile la kando ya kitanda cha hospitali. Wamaitha akaweka simu juu ya meza polepole, kwa sababu angeiweka kwa kasi ingepasuka.

"Kataa hiyo kazi," akasema Chelagat. Chelagat ndiye mshirika wake, mwanamke mnene mcheshi anayeendesha printa na kukunja karatasi, na alikuwa amesikia yote tangu mwanzo. "Warudishie karatasi yao. Waende kwa hao wengine wa kuweka maua ya zambarau kila kona."

"Halafu? Uongo utachapwa tu. Utachapwa vibaya, lakini utachapwa. Na Nakuru nzima itasema Wamaitha alikataa kumzika mzee wake."

"Basi utafanya nini?"

"Sijui!" Wamaitha akafoka. "Wewe washa hiyo mashine ya kuskani!"

Ikawa ni kazi ya siku mbili ya kujitesa. Aliyapanga maneno ya Natalie vile yalivyokuja, na kila alipofika kwenye ule mstari alisaga meno. Jumatano mchana akaanza picha. Alikuwa ameamua, kwa ukaidi tu, kwamba kama maneno ni ya familia, picha zitakuwa zake, na zitakuwa kubwa. Akaskani kurasa za Gunia la Mama Viazi moja moja. Akachukua ile picha ambayo kila mtoto anaikumbuka, Mama Viazi amekumbatia gunia lililotoboka na viazi vinamwagika, akaivuta mpaka ikajaa ukurasa mzima. Kitabuni picha ile haizidi kiganja.

Chelagat alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha uji. Akainama karibu na skrini.

"Huyu mama yako," akasema, "kidole chake kimeenda wapi?"

"Kidole gani?"

"Hiki cha mwisho. Kimekatika. Angalia. Kimeishia hapa katikati."

Wamaitha akaangalia. Akavuta picha ikawa kubwa zaidi. Mkono wa kushoto wa Mama Viazi ulikuwa umeshika gunia, vidole vinne virefu vya mkulima vyenye kucha fupi, na cha tano kilikuwa kigutu. Akafungua ukurasa mwingine. Mwalimu ameshika chaki: kigutu. Dereva wa lori ameshika usukani: kigutu, mkono wa kushoto na wa kulia pia. Bibi anayemenya viazi. Askari anayesimamisha gari. Mtoto, jamani, mtoto wa darasa la tatu anayepungia mkono! Kijiji kizima hakikuwa na kidole kidogo kilichokamilika.

Akaketi. Hakuwahi kujua. Mchoraji asiye na pesa za kumlipa mtu asimame mbele yake hujichora mwenyewe, na Wamaitha mkono wake wa kulia ukichora, wa kushoto ndio uliokuwa unachorwa. Aliuweka mezani mbele yake, akaufumba, akaufumbua, akaushikisha kikombe, jembe, chaki. Alipotaka mkono wa kulia alichukua kioo cha mke wa Muturi, akautazama wa kushoto ndani yake, ukageuka. Alichora alichokiona. Na alichokiona kila siku, miaka yote baada ya ile gilotini, kilikuwa ni hiki. Picha zilikuwa ndogo, mtu aliziona kama kalamu iliteleza, au hakuziona kabisa. Muturi alizipitisha zote bila kuziangalia vizuri, kwa sababu alikuwa na haraka ya kutia jina.

Chelagat alitazama skrini, akatazama mkono wa Wamaitha uliolala juu ya meza, akatazama skrini tena. "Woi!" akasema. Uji ulikuwa unapoa na hakuna aliyeujali.

"Usimwambie mtu," Wamaitha akasema. Akaanza kuchagua picha, na sasa alikuwa anachagua kwa makini sana.

Alhamisi Natalie alikuja akakagua neno kwa neno, kama alivyoahidi. Alifuata kila mstari na kalamu nyekundu mkononi, akahesabu majina ya wajukuu, akapata koma moja imekosekana, akaifurahia ile koma kama amemkamata mwizi. Picha alizipita kwa kugeuza ukurasa. "Zimependeza," akasema. "Mikono mingi, lakini zimependeza." Akaweka sahihi. Chelagat akakimbilia choo cha nje, kicheko kisije kikamtoka mbele ya mfiwa.

Ijumaa Mau Narok kulikuwa na baridi ya kukata masikio na matope ya siku tatu. Mahema yalikuwa yamesimikwa kati ya boma na shamba la viazi, jeneza liko mbele, limefunguliwa kuanzia asubuhi ili watu wapite wamwone mzee, suti yake ya bluu na mikono yake imelazwa kifuani. Wamaitha alipita kama wengine. Alisimama hapo muda mrefu kuliko wengine. Kisha akaenda kuketi safu ya nyuma kabisa, na programu zikagawanywa, mia tano, moja kwa kila mkono.

Alikuwa hajaamua lolote. Hilo nalisema kwa sababu baadaye watu walidai alipanga yote. Alikuwa ametaka tu picha ziwepo, zikae kwenye makabati ya watu, na siku moja mtu mwenye macho aulize. Pengine angekaa kimya. Lakini Natalie akasimama kusoma wasifu, na alisoma vizuri, kwa sauti ya shule nzuri, na alipofika pale, "kwa mkono wake mwenyewe," watu wakapiga makofi. Walipiga makofi! Safu ya pili, bwana mwembamba mwenye bahasha ya kaki mapajani alipiga makofi pia, na Wamaitha akajua huyo ndiye Achola, na ndani ya ile bahasha mlikuwa na mkataba, na humo ndimo kitabu chake kilimokuwa kinazikwa.

Baada ya wasifu angepaswa kuongea mheshimiwa mbunge, lakini mheshimiwa alikuwa amekwama kwenye matope huko chini na gari lake kubwa. Mchungaji akaangalia saa, akaangalia barabara, akachukua maikrofoni. "Tukimngoja mheshimiwa," akasema, "kuna yeyote aliyefanya kazi na mzee angependa kutoa neno? Dakika mbili tu."

Kabla Natalie hajageuza shingo, Wamaitha alikuwa ameshafika mbele, matope mpaka kwenye vifundo.

"Naitwa Wamaitha," akasema. "Nilifanya kazi kwa Muturi miaka kumi na mitatu. Sitasema mengi. Fungueni ukurasa wa nne."

Kurasa mia tano zikafunguliwa.

"Huyo ni Mama Viazi. Mnamjua. Angalieni mkono wake, kidole cha mwisho. Fungueni wa sita, mwalimu. Wa saba, dereva. Wa tisa, yule mtoto. Angalieni vidole."

Mahema yakaanza kunong'ona. Mtu mmoja akasema, "Ni kweli bana, kimekatika." Wamaitha akainua mkono wake wa kushoto juu ya kichwa, akautandaza, akauzungusha polepole ili hata waliokaa pembeni wauone.

"Marehemu mmemwona asubuhi," akasema. "Hesabuni vidole vyake."

Kelele ikapanda. Natalie alikuwa amesimama, uso umemwiva. "Anti, hii ni aibu! Mheshimu marehemu! Mtu yeyote anaweza kuchora kidole kifupi! Mchungaji, chukua hiyo maikrofoni!"

"Natalie, kaa chini."

Aliyesema alikuwa mjane. Mama Natalie, mwanamke mdogo wa kimo, alikuwa safu ya mbele amefunikwa blanketi, programu imefunguliwa mapajani ukurasa wa nne. Hakuwa amepiga makofi. Hakuwa amenyanyua uso tangu apewe ile programu. Mchungaji, asijue la kufanya, akampelekea maikrofoni.

"Muturi alikuwa na vidole kumi," mjane akasema. "Havikuwa hata na kovu. Cha huyu nilikizika mimi. Kiliangukia kwenye vipande vya karatasi pale gereji, nikakiokota, nikakitia kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo, nikachimba nyuma ya jikoni. Ile mashine haikuwa na kizuizi na Muturi alikuwa anajua. Akaniambia ninyamaze."

Wamaitha aliuteremsha mkono. Miaka yote alifikiri kidole chake kilifagiwa na takataka. Kumbe kilikuwa na kaburi, na mwenye kukizika alikuwa akimwekea chai kila siku saa nne.

"Na kitabu, mama?" akauliza, bila maikrofoni. "Kitabu pia ulijua?"

"Nilijua. Si ulikichorea mezani kwangu jikoni, ule mwaka gereji ilikatiwa stima? Kioo ulichokuwa ukitumia kilikuwa changu."

"Mbona hukusema?"

Mjane akamwangalia. "Hakuna aliyeniuliza," akasema.

Hakuna aliyemuuliza! Wamaitha alikuwa amejiandaa kumchukia Natalie, na Achola, na maiti aliyelala pale na mikono yake mizima kifuani. Hakuwa amejiandaa kwa jibu hilo, na lilimchoma kuliko yote. Mwanamke mmoja alikaa na ukweli nyuma ya jikoni yake kwa robo karne, akiumwagilia na maji ya kuoshea vyombo, kwa sababu hakuulizwa. Honi zikalia barabarani, vijana wakashangilia, na mchungaji akanyakua maikrofoni kwa furaha ya mtu aliyeokolewa majini. "Tusimame, wapendwa, tumpokee mheshimiwa!" Watu wakasimama. Wengine wakasimama huku bado wanahesabu vidole vya ukurasa wa tisa.

Achola alimfuata alipokuwa amejitenga ukingoni mwa shamba la viazi. Bahasha ya kaki alikuwa ameikunja mara mbili na kuitia mfukoni. Alishika kalamu na programu, akaigeuza upande wa nyuma mweupe.

"Mama, jina lako kamili?" akauliza. "Vile liko kwenye kitambulisho."

"Juzi uliniomba karatasi."

"Nilikosea. Nisamehe."

"Sijakusamehe. Andika: Wamaitha wa Ngotho. Mbele yake weka Michoro na Dizaini, yote hayo, usipunguze."

Akaandika. Aliandika polepole, akamwonyesha, naye akasoma kila herufi kama vile Natalie alivyosoma zake. "Kuna vitabu vingine?" Achola akauliza.

"Kuna kumi na kimoja mlivyopewa na Muturi. Nenda ofisini kwenu ukavitoe kabatini, uhesabu vidole."

Mazishi yakaendelea kama mazishi yanavyoendelea. Mheshimiwa akazungumzia barabara. Jeneza likateremshwa. Natalie alipita mbele ya Wamaitha bila kumwona, macho mekundu. Wamaitha hakumwonea furaha wala huruma, alikuwa amechoka. Familia ikatupa udongo kwanza, kisha jamaa, kisha mchungaji akaita wafanyakazi.

Wamaitha akaenda mwenyewe. Wafanyakazi wengine ama walikufa ama walihama. Akainama kwenye lile rundo la udongo mweusi wa Mau Narok, akachota kwa mkono wa kushoto, ukajaa, ukamwagika pale penye pengo.

Mzee mmoja wa ukoo, aliyesimama karibu, fimbo mkononi, akaguna. "Mama, tumia wa kulia. Hivyo si heshima."

Wamaitha akatoa programu kwapani na ule mkono mwingine, akamwekea mzee ukurasa wa pili mbele ya macho.

"Soma hapa. Huu mkono wa kitabuni, imeandikwa ni mkono wake mwenyewe," akasema. "Basi mwache ajirushie udongo."

Akautupa, ukagonga mbao. Akachota tena, na tena, mpaka mchungaji akakohoa, kisha akapangusa mkono kwenye sketi na kwenda kumtafuta Chelagat warudi mjini.